Wimbo wa Kumwitia Nguru

Jirani yangu hapa Sydenham ana mashine ya kukatia majani, ile ya kubeba begani, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Akiiwasha tu, mimi hufunga madirisha. Ananiona, anadhani nachukia kelele, na kwa ustaarabu wake ananipungia mkono kuomba radhi. Kelele hainisumbui hata chembe. Sisi tumekulia Point, mtaa wa bandarini, tumelala na honi za meli tangu wachanga. Ni ile harufu. Moshi wa petroli yenye oili ukiingia jikoni kwangu, kiuno kinanibana kama nimefungwa kamba, na wimbo mmoja wa kipumbavu unanitoka mdomoni kabla sijauzuia. Mume wangu ameshazoea. Akinisikia nimeanza, anaacha anachofanya na kuja kukaa karibu nami.

Wa rika langu mliokulia kule mtakumbuka zile fleti zetu kabla hazijapakwa rangi na kupandishwa bei: chumba kimoja, pazia katikati, Mtanzania mlango huu, Mkongomani mlango ule, na Kiswahili kinagombana ngazini kutwa. Kwetu kiligombana ndani kwa ndani. Baba alikuwa Mwislamu wa Tanga mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Mama alikuwa Mkatoliki wa Uvira, msusi wa saluni, na akianza kusema hujui Kiswahili kimeishia wapi na Kifaransa kimeanzia wapi. Mimi nilipewa jina la bibi, mama yake baba, kwa hiyo baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita mama. "Mama, niletee maji. Mama, viatu vyangu viko wapi?" Na mama mwenyewe akijibu kutoka nyuma ya pazia, wote tulicheka.

Na alikuwepo Tonton Bahati, mjomba wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alitengeneza simu kwenye kibanda mjini na alilala sebuleni kwetu, kama kile kipande cha chumba kinaweza kuitwa sebule. Jamani, yule mtu alikuwa na mdomo! Alisema akila, alisema akipiga mswaki, na mama aliapa kwamba alisema hata usingizini. Nyumba ilikuwa na joto kwa sababu yake. Nilimpenda kuliko wote, na sioni aibu kulisema.

Baba alifanya kazi ya kukwangua na kupaka rangi matumbo ya maboti ya watu pale bandarini. Bosi wake alimwachia boti moja ndogo ya fiba aitumie Jumapili, na Jumapili baba na Tonton walikwenda kurambaza nguru. Kurambaza, kwa msiojua, si kutupa ndoano na kungoja. Unafunga mishipi miwili nyuma ya boti, mmoja mrefu na mmoja mfupi ili isisukane, mwishoni unatia waya kwa sababu meno ya nguru yanakata mshipi kama uzi, kisha unavisha ndoano kibua mzima, samaki mdogo wa chambo, na vitambaa vyekundu shingoni. Halafu unatembea. Unatembea polepole, mwendo wa mtu aliyetumwa dukani na hana haraka, ukifuata ule mpaka ambapo maji ya kahawia ya mito yanakutana na maji ya buluu. Ukienda mbio, chambo kinarukaruka juu. Ukisimama, kinazama, na nguru akikiona kimezama anajua ni uongo.

Kwa hiyo kazi ni ya watu wawili. Usukani wa boti ile ulikuwa wa duara kama wa gari, umefungwa kwa mbele. Wa mbele anaendesha, wa nyuma anakaa juu ya sanduku la barafu na vidole vyake viko kwenye mishipi. Na baba alikuwa na sheria aliyotoka nayo Tanga, aliyopewa na waliomfundisha: wa mbele hatazami nyuma, wa nyuma hatazami mbele. Nahodha akigeuza shingo, mkono nao unageuka, boti inapinda, mishipi inakumbatiana na asubuhi yote imeharibika. Ukitaka kujua mambo ya nyuma, sikiliza.

Jumapili moja walikuwa wakitaniana. Tonton alisema samaki wa ziwa lao ni watamu, hawa wa bahari wamekolezwa chumvi kabla ya kufika jikoni. Baba akamjibu bila kugeuka, "Nyinyi watu wa Uvira mnavua kwenye beseni, halafu mnajisifu." Akasubiri jibu. Jibu halikuja. Baba akatabasamu peke yake, akaona leo kampatia, mtu na mdomo wake amenuna. Akaendesha. Kitambo baadaye akamwambia, "Haya basi, usinune, shemeji." Kimya. Akaendesha tena kidogo. Alipogeuka, sanduku la barafu lilikuwa halina mtu, jaketi la kuokolea alilolivua kwa ajili ya joto lilikuwa pale pale sakafuni, na mshipi mrefu ulikuwa umekaza ukivuta kwa nguvu.

Alivuta ule mshipi huku akiliita jina lake. Haya sikuambiwa na mtu. Niliyasikia wanaume wakisimuliana ngazini kwenye matanga, nikiwa nimejibanza chini na sahani ya wali. Alivuta mpaka viganja vikachanika. Ndoanoni alikuwepo nguru, mkubwa, mzuri. Boti nyingine zikaja, za serikali zikaja, wakazunguka mpaka kesho yake na kesho kutwa. Tonton Bahati hakupatikana.

Matanga bila maiti ni kitu kigumu, ndugu zangu. Wakongomani walijaa ngazi tatu, wakaimba, wakapika sombe, kisamvu chao, kwenye masufuria ya kanisa. Watanzania nao wakaja na visomo vyao kimya kimya. Watu wakaondoka, na nyumbani tukabaki na hofu moja tu, ambayo hata mimi mtoto niliinusa: baba atamfuata. Kwa sababu alianza kwenda baharini peke yake. Siku moja alivutwa kurudishwa na boti ya watu wengine, petroli imekwisha, hakuna ndoano majini, hakuna samaki, na yeye amekaa ameshika usukani. Akamwambia mama alisahau kujaza tangi. Samaki wa baharini mama aliacha kula tangu wakati ule, alituwekea sisi na yeye akala majani yake. Nilidhani amefunga, kama wanavyofunga kabla ya Pasaka.

Jumapili iliyofuata mama, ambaye hajawahi kukosa misa hata akiwa na homa, aliniamsha alfajiri, akanivalisha sweta juu ya sweta, akaniambia, "Leo hauendi kanisani. Utaenda na papa yako ku bahari."

Baba akasema, "Huyu? Huyu mtoto akafanye nini?"

"Atakaa nyuma. Si iko nafasi?"

"Mama Fulani, una akili timamu? Bahari ile ile?"

"Ile ile," mama akasema. "Donc, kama unaenda, unaenda naye. Kama hauendi naye, hauendi." Akaingia nyuma ya pazia, na tukasikia akivaa nguo zake za kanisani.

Walielewana kupitia lile pazia, najua sasa. Wakati ule nilikuwa nashughulika na viatu. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani: nimeponyoka misa, na ninaenda kuvua!

Mlinzi wa pale bandarini alipotuona akatikisa kichwa. "Eish, baba, na usisi mdogo naye?" Usisi ni dada kwa lugha ya kwao, yaani mimi. Baba alinivisha jaketi, akanifunga kamba kiunoni, akaifunga ncha nyingine kwenye pete ya chuma, fupi kiasi kwamba nisingeweza kufika ukingoni hata ningetaka. Akalijaribu lile fundo, akalijaribu tena. Kisha akawasha injini, moshi wake wa petroli na oili ukanifikia, akashika usukani, na tulipotoka katikati ya zile kuta mbili za mawe za mlango wa bandari na mawimbi makubwa yakatupokea, akasema akiwa amenipa mgongo, "Sasa imba, mama."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Lakini usinyamaze. Umenisikia? Ukichoka kuimba, hesabu. Ukichoka kuhesabu, nitukane. Lakini nikusikie."

Na mimi, kwa akili zangu za darasa la tatu, nikafahamu mara moja: samaki wanaitwa kwa sauti! Nani angenieleza vingine? Nilikuwa nimewaona wasichana wa kwaya wakiita baraka kwa kuimba, na baba mwenyewe alikuwa akitwambia kwamba kuku huja kwa kuitwa. Nikatunga wimbo wangu, na huo ndio unaonitoka mpaka leo. *Nguru njoo, nguru njoo, mama kaweka sufuria. Nguru njoo, njoo upesi, wali umeshaiva.* Basi. Hauna mwanzo wala mwisho. Niliuimba kutoka bandarini mpaka kilima cha Bluff kinapoishia, tukageuka, nikauimba kurudi. Siku ile tulipata wawili, na baba alipokuwa akiwatia kwenye barafu nilimwambia kwa kiburi, "Unaona? Wanaipenda sauti yangu." Akalifunga lile sanduku, akasema, "Wanaipenda sana, mama."

Shuleni nilijigamba vibaya mno. Niliwaambia wenzangu mimi ni mwita samaki, ni kipaji cha ukoo, kimetoka Tanga. Kila Jumapili nilikunywa chai ya tangawizi ili sauti isikauke. Na nilijifunza kazi. Nilijifunza kwamba mshipi ukitetemeka kidogo kidogo kidoleni, chambo kinaogelea vizuri, na ukitulia kabisa umebeba jani au mfuko wa plastiki. Nilijifunza kwamba boti ikipinda, mshipi wa nje hukimbia na wa ndani huzama kidogo bila kusimama, na mara nyingi nguru hukila chambo cha huo wa ndani. Yote hayo baba alinifundisha kwa mgongo wake. Mgongo ule naujua kuliko uso wake. Shati la kazi la bluu, kola iliyochakaa, na doa la rangi nyeupe chini ya bega.

Siku ya kimya ilikuwa siku nzuri. Bahari imelala, ndege wanapiga mbizi, mimi naimba. Tulikuwa karibu na mwisho wa Bluff, ambapo siku zote tuligeuka, wakati mshipi mrefu ulipokaza. Haukuwa na purukushani ya nguru. Nguru akishika huenda mbio, mshipi unalia. Huu ulikuwa mzito tu. Ulivuta chini, taratibu, kama mtu mzima anayekushika mkono. Nikatazama kule nyuma kwenye povu, na chini ya maji nikaona kitu kirefu, cheupe-cheupe, kinatufuata.

Wimbo ukanikauka. Niliyakumbuka yale maneno ya ngazini, jinsi baba alivyovuta akiliita jina, na nikaamini, kama ninavyoamini kwamba nina mikono miwili, kwamba Tonton ndiye aliyeshika mshipi. Nilikuwa nimemwita. Wiki zote zile nilidhani naita nguru, kumbe namwita yeye, na sasa kaja. Sikupiga kelele. Nilifunga macho na mdomo, nikangoja.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilipofumbua macho, kile kilima cha Bluff kilikuwa nyuma yetu. Hatukugeuka. Nikaona nyumba za Isipingo pwani, ndogo kama vibiriti, zikipita. Boti inakwenda mwendo ule ule, haiongezi, haipunguzi, imenyooka kusini, na pua yake inaelekea nje kidogo, kwenye maji mengi. Nikautazama mgongo wa baba. Mikono imeng'ang'ania usukani, shingo imekakamaa, na baba hageuki.

Nilitaka kuimba, nawaapia. Wimbo haukutoka. Na hata mtoto niliona kwamba mtu huyu hatageuka, tutakwenda hivi mpaka petroli iishe, kwa sababu anaogopa kuona kilichoko nyuma yake. Nililofanya lilikuwa marufuku. Nikalifungua lile fundo, kwa meno, likiwa limelowa na chungu kwa chumvi, nikatambaa kwa magoti juu ya vibua na maji machafu ya sakafuni, nikanyoosha mkono, nikaweka kiganja pale kwenye doa la rangi nyeupe.

Baba akasema, "Bahati?"

Sauti ile sijaisikia tena kwa mtu mwingine yeyote, na sitaki kuisikia.

"Ni mimi, baba."

"Nani?"

"Mimi. Mama."

Ndipo akageuka. Alizima injini, akanishika uso wote kwa mikono miwili, na sisi tukayumba pale katikati ya maji. Halafu alichukua kisu akaenda nyuma, akaikata mishipi yote miwili. Hakuvuta kwanza kuona kuna nini. Kile kitu cheupe kikazama, na mpaka leo sijui kilikuwa gunia, papa, au kile nilichokidhania. Mimi nikaanza kulia nikisema nimeharibu, nguru hawatakuja tena. Baba akacheka na kulia kwa pamoja, mambo ambayo sikujua yanaweza kufanyika mdomo mmoja.

Jumapili iliyofuata nilikuta kioo cha gari, kile cha ubavuni, kimefungwa kwa skrubu mbele ya usukani. Alikipata kwa mtu wa magari mabovu. "Sasa ukitaka kunyamaza, nyamaza," akaniambia. "Nakuona." Nikamwambia asiwe mjinga, kioo hakiiti samaki. Nikaendelea kuimba. Na humo kiooni, kwa mara ya kwanza, niliona kwamba baba akiwa baharini alikuwa na uso.

Ukweli nilipewa na mama miaka mingi baadaye, ananisuka kwa ajili ya harusi yangu, kichwa changu katikati ya magoti yake ambapo siwezi kukimbia. Nilikuwa nikimcheka baba na ule wimbo. Mama akaacha kusuka.

"Weye ulifikiri unaenda kuvua?"

"Kwani nilienda kufanya nini?"

"Papa yako hakutaka kurudi. Miye nilijua. Mke anajua. Nikasema, nitamfunga na nini? Mtu mwenye mtoto wake nyuma, atageuza boti, kweli ama si vrai? Nikamfunga na weye." Akakivuta kichwa changu akaendelea kusuka, akikaza kuliko ilivyohitajika. "Kila Jumapili ku misa sikusikia hata neno moja la padri. Nilikuwa nasikiliza mlango, nani anakuja na habari."

Nilikasirika, sitaficha. Ulinitupa baharini kama chambo, nilimwambia. Akasema ndiyo. Sasa nami nina watoto, na sijui kama ningethubutu, na sijui kama ningethubutu kutothubutu.

Baba alizeeka vizuri, kule Isipingo walikohamia, akiuza viungo vya pilau na kugombana na mama juu ya redio. Kisha mapafu yakachoka. Hospitali wakatuambia hakuna zaidi la kufanya, na yeye akasema basi nipelekeni nyumbani. Mama akatangulia kupika. Nilimlaza kiti cha nyuma cha gari langu, mito kila upande, mchana kweupe, nikashika usukani. Tuliingia barabara kuu ya kusini. Nikamwambia, "Baba, imba."

"Mimi?" Sauti imebaki uzi. "Wimbo wenyewe hauna hata vina. Nilivumilia tu."

"Imba nikusikie."

Akacheka, akakohoa, akaanza. *Nguru njoo, nguru njoo, mama kaweka sufuria.* Aliuimba kwa lafudhi yake ya Tanga, akiutengeneza njiani, na mimi nikiendesha mwendo wa mtu aliyetumwa dukani, malori yakinipigia honi. Akarudia. Akarudia tena, polepole. Nilikuwa namwona kiooni, macho yamefumba, midomo inacheza. Mbele yetu bahari ilikuwa imeanza kuonekana upande wa kushoto. *Nguru njoo, njoo upesi*, akasema, na hakumalizia.

Nilingoja wali uive. Nilingoja sana. Kisha nikainua mkono, nikakigeuza kile kioo kitazame juu.

Kibao cha Isipingo kikaja, nikakiona, nikakipita. Mama alikuwa kule anasikiliza mlango, sufuria imekwisha kuwekwa, nami naelekea mbele zaidi, Amanzimtoti, na mikono imeng'ang'ania usukani, shingo imekakamaa. Petroli ilikuwepo ya kutosha. Nikawa naendesha hivyo, nimenyooka, nasubiri mkono mgongoni.